Unamngoja Mungu au unamngoja asaini ulichoshaamua? Yangu ya Mtwara 2013 (uzi mrefu)

Mtunza Stoo (mtoa mada)

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, sichangiagi. Leo niko zamu ya usiku stoo, mzigo umechelewa kuingia, nina kama masaa matano ya kukaa macho bila kazi, nikasema acha niandike hiki kitu nilichokibeba zaidi ya miaka kumi. Mwenye haraka apite tu kwa amani.

Ni hivi. 2013 nilikuwa nimeajiriwa Dar, kazi si mbaya, mshahara unaingia tarehe zake. Mnaokumbuka mwaka ule mnajua habari mjini ilikuwa moja tu, gesi. Mtwara, Mtwara, Mtwara. Viwanja vinapanda bei, gesti zinajengwa kila kona, bomba linachimbiwa kuja Dar, wenyeji wenyewe wanasema gesi haitoki mpaka ikawa vurugu mwezi wa kwanza na tena mwezi wa tano. Mimi kichwani nilikuwa nimeshajiona nimekaa nyuma ya kaunta ya duka langu la spea, maana nilijiuliza haya magari yote ya makampuni yatanunua wapi filta na pedi za breki kama sio kwangu.

Sasa mimi ni mlokole. Nikasema siwezi kutoka bila kumuuliza Mungu. Nikafunga siku kumi, nakula jioni tu, saa tisa usiku niko magotini nasema Bwana nisemeshe, mtumishi wako nasikia. Siku ya nane jamaa yangu wa kwenye felowshipu akanipeleka kwa mtumishi mmoja hivi (jina naliacha na huduma yake naiacha), akanishika kichwa, akafumba macho, akasema naona kusini... naona maji mengi... naona milango inafunguka. Aisee nililia. Kusini! Maji! Mtwara si iko baharini jamani? Nikatoa sadaka ambayo mke wangu mpaka leo hajui ilikuwa shingapi na hataijulia kwenye uzi huu.

Kuna kipande huwa nakiruka nikisimulia kanisani. Kabla sijaanza kufunga, nilikuwa nimeshamtumia dalali wa Mtwara kodi ya fremu ya miezi sita. Barua ya kuacha kazi ilikuwa kwenye droo, imekamilika, bado tarehe tu. Na yule jamaa aliyenipeleka kwa mtumishi nilikuwa nimeshamsimulia mpango wote kuanzia A mpaka mwisho. Kama alipiga simu kabla hatujafika hapo mtajumlisha wenyewe, mimi sina ushahidi.

Duka nikafungua. Miezi ya mwanzo hela inaonekana onekana, baadae nikagundua magari ya makampuni yanapelekwa servisi Dar, wanaokuja kwangu ni bajaji na bodaboda wanataka kukopa plagi. 2015 bomba likaisha, waliokuwa wanajenga wakaondoka na pesa zao za kula chipsi, na ule mtambo mkubwa wa kusindika gesi Lindi ambao wote tulikuwa tunapigia hesabu, unasubiriwa mpaka leo ninavyoandika. 2016 nikafunga. Nilipanda basi kurudi Dar na maboksi manne ya filta. Moja bado liko chini ya kitanda, mke wangu analitumia kuwekea viatu vya watoto.

Hasara inauma ila inazoeleka. Ambacho hakikuzoeleka ni kwamba nilimnunia Mungu. Kama miaka miwili hivi. Kanisani naenda maana watu wangeuliza, lakini kwenye maombi nilikuwa na swali moja tu, wewe si ndiye uliyesema kusini?

Halafu kuna mwaka nikaingia kwenye ule mpango wa kusoma Biblia yote kwa mwaka. Yeremia huwa tunaikimbia, maana ni vilio tu kurasa na kurasa. Nikafika sura ya 42, na kama hujawahi kuisoma nenda kaisome leo. Yerusalemu imeshaanguka, Gedalia aliyewekwa kuwaangalia waliobaki kashauawa, waliosalia wana hofu Wakaldayo, yani Wababeli, watakuja kulipiza. Wanamfuata Yeremia, wakubwa kwa wadogo, wanamwambia tuombee, Mungu wako atuonyeshe njia ya kuiendea, na wanaapa kabisa, jibu likiwa zuri likiwa baya sisi tutatii. Yeremia anasema sawa, nitaomba, na sitawaficha neno.

Halafu mstari wa saba, unapita haraka usipoangalia: ikawa baada ya siku kumi neno la Bwana likamjia.

Siku kumi. Nilikaa nikautazama huo mstari. Kwanza kabisa huyu ni Yeremia, mtu aliyeanza kusemeshwa tangu kijana, na bado amekaa siku kumi hana cha kuwaambia watu wenye hofu wanaomkodolea macho kila asubuhi. Hakutunga. Hakusema naona kusini. Sisi watumishi wetu wa siku hizi unampa dakika mbili na bahasha tayari kashaona.

Pili, idadi ni ile ile niliyofunga mimi.

Tatu, na hapa ndio nilipochapwa. Rudi nyuma sura moja, mwisho wa 41. Wale watu kabla hawajamfuata nabii walikuwa wameshaondoka, wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, na imeandikwa nia yao ilikuwa kwenda Misri. Yani safari ilishaanza! Zile siku kumi walikaa kweli, hawakumsumbua nabii, ila hawakufungua mizigo. Jibu likaja, kaeni hapa hapa msiende Misri. Unajua walimwambia nini Yeremia? Unasema uongo. Wakaenda, na yeye wakambeba.

Nilifunga Biblia nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mungu hakuwahi kuniambia kusini. Mimi ndiye niliyemwambia yeye.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema "namngojea Bwana anifunulie" huwa najiuliza moyoni mizigo yake iko wapi. Kungoja sio muda. Unaweza ukakaa miezi sita hujangoja hata siku moja, kama vile unavyokaa ofisini kwa mtu unasubiri agonge muhuri tu karatasi uliyokuja nayo. Mfalme Sauli naye alisubiri Gilgali siku saba kamili kama alivyoambiwa na nabii Samweli, tatizo macho yake yalikuwa yanahesabu askari wanaotoroka, siku ya saba Samweli hajaonekana akachinja sadaka mwenyewe, anamaliza tu kuteketeza, Samweli huyo anaingia. Kila nikisoma pale nasikia uchungu kama naangalia mpira timu yangu imefungwa dakika za nyongeza.

Sasa nauliza wenzangu. Nyie mnajuaje kwamba mmengoja kweli? Na kama mna kisa cha "Mungu aliniambia" kikaenda mrama, wekeni hapa, tusimuliane kama watu wazima. Mzigo bado haujafika, naendelea kuwepo.

---

Chapati Mbili

Nimeweka kiti mbele kabisa. Hiyo ya boksi la filta kuwekewa viatu vya watoto imeniua 😂😂

Sina Dini Sina Deni

Mkuu umeandika vizuri ila umeishia nusu ya safari. Umegundua ulijisemesha mwenyewe Mtwara, sasa nani kakwambia hizi nyingine hujisemeshi? Mfumo wenu mmeuweka kijanja, akisema ndio ni Mungu, akisema hapana ni Mungu, akinyamaza anakufundisha subira. Mchezaji gani huyo hawezi kufungwa? Mwaka 2011 nilikuwa Arusha nikaona kwa macho yangu foleni ya kwenda Samunge Loliondo, magari kilomita na kilomita, watu wametoa wagonjwa hospitali wamewapakia kwenye Noah, wanalala njiani wiki wakisubiri kikombe cha dawa cha shilingi mia tano kwa sababu mzee wa watu kasema ameoteshwa. Simtukani mzee, keshapumzika, na hela yenyewe aliyotoza haikuwa ya kitapeli. Nauliza tu wale waliokufa kwenye foleni walikuwa wanasubiri nini? Wahenga walisema subira yavuta heri, nyie mmeifanya subira yavuta hela, za nabii.

Chapati Mbili

Subira yavuta hela 😂 naiba hii naweka statasi

Herufi J

Mtoa mada umenitoa machozi na kicheko pamoja. Mimi yangu fupi. Nikiwa na miaka 27 mama mmoja wa maombi aliniwekea mikono akasema mume wako nimeonyeshwa jina lake linaanza na J. Basi. Wakati huo kulikuwa na mwalimu, mtulivu, mwimba kwaya sauti ya nne, alikuwa ananifuata kwa heshima zote, kafika mpaka kwa shangazi yangu. Jina lake linaanza na E. Nikamwambia kaka Mungu amenifunulia sio wewe. Hivi hivi, mdomoni kwangu. Yule kaka hakubisha, alisema sawa dada, akaondoka.

Nikaanza kusubiri J. Wakaja bwana wawili wa J, wa kwanza alikuwa na mke Singida, wa pili alikuwa na madeni Dodoma nzima. Sasa nina 41. Mwalimu ana watoto watatu na huwa tunasalimiana vizuri tu sokoni, na mimi kila nikisikia mtu anaitwa J tumbo linacheza.

Simlaumu yule mama. Nilipokuwa naenda kwake nilikuwa nimeshachoka na mwalimu kwa sababu hana gari. Hiyo ndio mizigo yangu, mtoa mada, nimeishusha leo hapa mbele ya watu nisiowajua.

Chapati Mbili

Dada pole. Ila huyo mama alicheza salama, nusu ya wanaume nchi hii ni J. John, Joseph, James, Juma, Jumanne, Jafari, Jackson. Angekwambia X ningeamini.

Herufi J

😂😂 We mtoto nitakupiga

Kwamboka wa Keroka

Hamjambo wa Tanzania, mnisamehe nikiingilia, mimi niko Kisii na ni Msabato wa kuzaliwa, nyanya yangu alikuwa Msabato. Sisi historia yetu yote ilianza na kungoja kulikoenda vibaya, na kanisani huwa tunaisema wazi bila aibu. William Miller alikuwa mkulima huko Marekani, akachukua zile siku 2300 za Danieli 8 akapiga hesabu, akina Miller wakafika mahali wakasema Yesu anarudi tarehe 22 Oktoba 1844. Watu maelfu waliamini. Kuna wenye waliacha viazi shambani bila kuvuna, kwa sababu utavunia nani? Wakangoja mchana, wakangoja usiku, jua la tarehe 23 likatoka tu kama kawaida. Walilia mpaka asubuhi.

Chenye mimi huwa napenda kwa hiyo stori ni Miller mwenyewe. Huyo mzee alikubali hadharani kwamba alikosea, hakutafuta tarehe ingine ya kuficha aibu kama vile wengine walifanya. Aliaga 1849 akiwa bado anangoja, lakini sasa bila kalenda.

Na hapa kwetu nataka niseme kitu, kwa sababu huyo ndugu asiye na dini ameuliza swali la haki. Shakahola 2023. Kule Kilifi msituni walifukua miili zaidi ya mia nne, na wengi ni watoto. Waliambiwa wafunge chakula ndio wakutane na Yesu. Wale hawakuwa wajinga, kulikuwa na watu wamesoma pale, mtu aliacha kazi yake. Tangu hiyo maneno mimi mtu akiniambia "Mungu amenifunulia" kuhusu maisha ya mwenzake huwa namuuliza, na wewe binafsi inakugharimu nini? Kama inagharimu mwenzako peke yake, sitaki kusikia.

Mtunza Stoo

@Kwamboka hiyo ya "bila kalenda" nimeisoma mara tatu.

@Sina Dini, hoja yako naikubali nusu na sitaki kukudanganya kwamba nina jibu la kukunyamazisha. Ni kweli mtu anaweza kuita chochote sauti ya Mungu, mimi si ndio nimefanya? Ila usidhani hiyo hoja umetuletea wewe. Habakuki anafungua kitabu chake kwa kumlalamikia Mungu, hata lini nitalia na hutaki kusikia. Sauli mwisho wa maisha yake anauliza hajibiwi kwa ndoto wala kwa Urimu (kura ya makuhani) wala kwa manabii, kimya kabisa, mpaka anajifunika nguo nyingine anaenda kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi Endori usiku. Sisi tuna hao wengi, wanajificha wanaenda kwa waganga Mlingotini, Jumapili wanarudi ibadani. Kitabu kimeandika kimya hicho bila kukipaka rangi. Kinachonifanya niendelee kuamini ni kwamba jibu lililonibadilisha mimi ni lile ambalo sikulitaka. Nikijisemesha mwenyewe huwa najipendelea.

Sina Dini Sina Deni

Hapo kwenye kujipendelea umenipa kitu cha kufikiria. Sijakubali lakini. Naendelea kusoma.

Mhaya Mpole

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, nilikaa seminari miaka sita nikatoka, sasa nina mke na migomba. Nawaletea kitu cha huko kwa sababu naona kinajibu swali la mtoa mada la "mnajuaje".

Ignasi wa Loyola alikuwa askari, mpenda sifa hasa, 1521 akapigwa mzinga Pamplona mguu ukasagika. Kalazwa nyumbani kwao miezi hana cha kufanya. Anataka vitabu vya mashujaa na mabibi, nyumba nzima hakuna, kilichopo ni maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anaota mchana. Saa nyingine anaota vita na bibi fulani wa cheo cha juu, saa nyingine anaota atembee peku kwenda Yerusalemu kama mtakatifu. Zote zinampa raha wakati anaota. Akaja kugundua tofauti iko baadae, ndoto za bibi zikiisha anabaki mkavu, kama umekunywa soda kiu iko pale pale, ndoto za Yerusalemu zikiisha utamu unabaki. Huo ndio mwanzo wa kila alichokuja kufundisha kuhusu kupambanua roho. Usiangalie wazo linavyoingia, angalia linavyotoka.

Na sheria yake nyingine padre mlezi wetu alikuwa anairudia mpaka tukaichoka: ukiwa kwenye ukiwa, giza limekuingia, huna hamu ya kusali, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Kaa nao. Mimi mwaka wa nne nilitaka kutoroka usiku wa Jumanne baada ya kufeli Kilatini, yule padre akasema ngoja upate amani kwanza ndio uondoke. Nikangoja miaka miwili. Amani ikaja na nikaondoka, lakini niliondoka kwa mlango wa mbele, na sanduku langu alilibeba yeye mpaka kituoni.

Herufi J

"Angalia linavyotoka." Yani mwalimu alipotoka...

Mhaya Mpole

Dada usijichimbe. Biashara ya mwalimu imeisha.

Mzee wa Tukuyu

Bwana asifiwe wanangu. Mjukuu ndiye anayenishikia simu naandika polepole. Mimi ni mchungaji mstaafu wa Moravian, wamisionari wetu walifika Rungwe 1891 na babu yangu aliwaona. Nawapa habari ya wazee wa huko walikotoka, Herrnhut, Ujerumani, ambayo naona vijana hamuijui.

Wale wazee walikuwa wakipiga kura kujua mapenzi ya Bwana. Siyo kura ya uchaguzi hii. Kura ya vikaratasi. Jambo likiwa zito, nani aende misioni, nani amuoe nani, wanaomba kwanza, halafu wanachomoa karatasi. Hata ndoa zilipitia huko, mpaka mwaka 1818 sinodi ikawaondolea waumini wa kawaida sharti hilo kwenye ndoa. Mnacheka, na mimi nilicheka chuoni. Lakini sikilizeni. Karatasi zilikuwa tatu. Moja imeandikwa ndiyo. Moja imeandikwa hapana. Ya tatu haikuandikwa kitu.

Ukichomoa ile tupu, maana yake ngoja. Hukuambiwa mpaka lini. Watu wazima wenye elimu zao na mashamba yao wanatazama karatasi tupu, wanairudisha, wanaenda kulisha ng'ombe.

Mimi sirudishi kura, ziliondoka na ziende. Lakini ile karatasi ya tatu kanisa la sasa tumeichana. Manabii wenu wana ndiyo kwa mwenye sadaka na hapana kwa adui zake. Sijasikia bado nabii wa redioni anasema ndugu, nimeomba, sina neno lako, nenda nyumbani.

Halafu wewe kijana wa stoo, umeandika vema ila nikurekebishe kidogo, usije ukawaogopesha watu kutembea. Kuna anayefunga mizigo kabla ya kuuliza, na kuna anayekaa juu ya mizigo iliyofunguliwa miaka ishirini anasema anangoja ufunuo, kumbe anaogopa. Paulo hakuoteshwa Makedonia akiwa amelala Antiokia. Alikuwa njiani. Akataka kuingia Asia akazuiwa. Akajaribu Bithinia akazuiwa. Akateremka Troa, pale mbele ni bahari, nchi imeisha, ndipo usiku ule akamwona yule mtu wa Makedonia anamwita vuka. Na Musa alipoitwa mlimani wingu lilikaa siku sita bila neno, siku ya saba akaitwa, lakini mlima alikuwa ameshaupanda. Na huku chini watu walipoona amekawia wakaanza kukusanya hereni za dhahabu watengeneze ndama wa kuabudu. Sikuzote kuna mtu anakusanya hereni.

Mimi mwenyewe niliposema nina wito, wazee wa usharika walinijibu kafundishe shule ya Jumapili. Nilidhani ni wiki chache. Ilikuwa miaka tisa. Watoto wale wa kwanza sasa wana wajukuu, na nikiwa na homa ni mmoja wao ndiye anayekuja na pikipiki kunipeleka zahanati. Mjukuu amechoka kushika simu. Mbarikiwe.

Chapati Mbili

Mzee shikamoo. Mimi nilikuja kuchekesha, sasa najiona nakusanya hereni.

Kwamboka wa Keroka

Mzee, hiyo karatasi tupu nitaibeba hadi kanisani Sabato hii. Asante sana baba.

Sina Dini Sina Deni

Mzee shikamoo. Swali la heshima kabisa. Hiyo karatasi tupu ikitoka mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mtu anaacha lini kuchomoa?

Mzee wa Tukuyu

Marahaba mwanangu. Babu amesema niandike hivi: yeye ana jambo moja amechomoa tupu tangu mwaka 1979 na bado hajaacha. Amesema hataji ni jambo gani. (mjukuu)

Mtunza Stoo

Mzee nimekusikia na nimekubali kurekebishwa. Shikamoo.

Acha nimalizie basi, maana sikuwa mkweli moja kwa moja kule juu. Huu uzi sikuuandika kwa sababu ya Mtwara tu. Shemeji yangu yuko Tunduma, ana fuso mbili zinabeba mzigo mpakani, tangu mwezi wa kwanza ananiita twende tushirikiane, anataka mtu wa kuaminika wa kushika mahesabu. Mke wangu anataka, kwao ni Njombe, atakuwa karibu na mama yake ambaye miguu imeanza kumsumbua. Kwa karatasi kila kitu kiko sawa. Na mimi ndio najiogopa, kwa sababu nataka kwenda. Nataka sana. Wiki iliyopita nilijikuta naangalia bei ya nyumba za kupanga Tunduma kwenye simu saa nane usiku, nikacheka peke yangu, nikasema haya, umeanza kufunga mizigo.

Kuna dalali alishanipigia nitume kianzio chumba kisichukuliwe. Leo asubuhi nilimwambia ampe mtu mwingine. Mke wangu alinyamaza, baadae akasema sawa, ila chai ilikuwa haina sukari.

Mhaya Mpole

Pole kaka 😂 hiyo chai naijua.

Herufi J

Kwa hiyo unaenda au huendi? Usituache hapa.

Mtunza Stoo

Tupu, dada. Nimemwambia shemeji anipe mpaka shule zifungwe mwezi wa sita, nitaenda wiki moja kukaa naye nione kazi yenyewe, sio kuhamia, kuona tu. Mzee kasema Paulo alikuwa njiani, basi na mimi nitapanda basi nifike mpaka pale barabara inapoishia.

Mzigo ndio unaingia getini, lori mbili. Nitarudi asubuhi.

Chapati Mbili

Tunduma barabara haiishii mkuu, mbele ni Zambia